Maswali ya Wasomaji: Kinachowaka Ndani ya Betri ya Sodiamu

Toleo lililopita liligusia betri za sodiamu katika habari fupi za sola, na barua zilizofuata kutoka mikoa ya Lindi na Mtwara zimezidi nafasi tuliyonayo. Karibu zote zinauliza kuhusu usalama wa betri hizo dhidi ya moto. Nimechagua tano, na nimeyajibu kwa kirefu zaidi maswali ya fundi wa Masasi na msomaji wa Mikindani, kwa sababu yanakihusu kimiminika kilichomo ndani ya betri, nami naamini kwamba mnunuzi asiyekifahamu kimiminika hicho hawezi kupima ukweli wa anachoambiwa dukani.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Darasani tulionyeshwa kipande kidogo cha sodiamu kikitiwa kwenye beseni la maji. Kilikimbia huku na huku juu ya maji, kikatoa moshi, kisha kikawaka. Sasa nasikia kuna betri za sodiamu. Je, betri hiyo ikilowa mvua haitalipuka?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichokiona kwenye beseni ni sodiamu ikiwa metali, ambayo kila atomu yake ina elektroni moja ya nje inayoiachia kwa urahisi mno. Ikigusana na maji, elektroni hizo huhamia kwenye maji kwa kasi, gesi ya hidrojeni hutoka, joto hupanda, na kwa kuwa sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 98 tu, kipande kile hugeuka tone linaloteleza juu ya maji mpaka hidrojeni inaposhika moto. Ndiyo sababu maabara za shule huihifadhi ndani ya mafuta.

Katika betri zinazouzwa kwa jina la betri za ioni za sodiamu hakuna donge la metali ya namna hiyo. Sodiamu huingizwa humo kiwandani ikiwa ioni, yaani atomu iliyokwisha kuiachia elektroni yake, na hiyo ndiyo hali iliyomo ndani ya chumvi unayotia kwenye chakula. Betri inapochajiwa, ioni hutoka kwenye upande chanya, hupita ndani ya kimiminika kiitwacho elektroliti, hupenya karatasi nyembamba ya plastiki yenye matundu madogo mno iitwayo kitenganishi, kisha hujihifadhi ndani ya kaboni ngumu iliyoko upande hasi. Unapoitumia betri, ioni hizo hurudi zilikotoka.

Usichukulie, hata hivyo, kwamba metali haiwezi kutokea kabisa. Kaboni ngumu hupokea sehemu kubwa ya sodiamu katika volti iliyo karibu sana na ile ambayo sodiamu huanza kujibandika juu yake kama metali, kwa hiyo betri ikichajiwa kupita kiasi, au kwa kasi isiyoistahili, sodiamu halisi inaweza kujijenga katika umbo la vijiti vyembamba vinavyoelekea kwenye kitenganishi. Hapo hofu uliyoipata darasani inakuwa na msingi. Zipo pia betri za ukoo mwingine, za sodiamu na salfa, ambazo kweli hubeba sodiamu ya metali ikiwa imeyeyuka, lakini hizo ni mitambo mikubwa ya kuhifadhi umeme wa gridi na huwezi kuziona dukani.

Kuhusu mvua, ganda la betri nzima limezibwa, na maji hayafiki ndani. Kwa ninyi mnaoishi karibu na bahari, kinachohitaji kuangaliwa zaidi ni upepo wa chumvi unaokula vituo vya waya na saketi ya ulinzi, kwa kuwa saketi hiyo ikiharibika ndipo betri inapoweza kuchajiwa kupita kiasi bila mtu kujua.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni fundi wa sola na simu hapa Masasi. Betri za simu zikivimba na kupasuka hutoa harufu tamu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na mara mojamoja hushika moto. Muuzaji mmoja ameniambia niwashauri wateja wangu wanunue betri za sodiamu kwa kuwa haziwaki. Nimwamini?
Fundi, Masasi

JIBU: Ndugu fundi, usimwamini kwa neno hilo, ingawa yako mambo mengine kuhusu sodiamu ambayo angekuwa na haki ya kuyasifu.

Anza na harufu uliyoitaja, kwa sababu pua yako imekuonyesha penye tatizo. Harufu ile ni mvuke wa viyeyushi vya jamii ya kaboneti ambavyo ndani yake huyeyushwa chumvi maalumu ili kupata elektroliti. Kimoja kinachotumika sana ni dimethili kaboneti, ambacho mvuke wake unaweza kushika moto pakiwa na cheche hata katika joto la nyuzi 17 au 18 hivi. Mafuta ya taa hayafikii hali hiyo mpaka yapate nyuzi 38 au zaidi. Joto la mchana wa Masasi liko juu ya nyuzi 18 mwaka mzima, na ndani ya kibanda cha mabati linapanda zaidi ya hapo, kwa hiyo kimiminika hicho kikivuja mezani kwako huwa tayari kimekwisha kufikia kiwango cha kuwaka. Betri nyingi za sodiamu zilizoko sokoni zinatumia viyeyushi vya jamii hiyohiyo. Kilichobadilika ni chumvi iliyoyeyushwa humo, ambayo sasa ina sodiamu mahali pa lithiamu.

Moto wenyewe huja kwa hatua. Betri ikiwa imetobolewa, au imechajiwa kupita kiasi, au ina chembe ya chuma iliyosahaulika kiwandani, sehemu moja ya ndani hupata joto. Kati ya nyuzi 80 na 120 hivi, utando unaoufunika upande hasi huanza kuvunjika, na kuvunjika huko kunaongeza joto. Nyuzi 130 zikifikiwa, kitenganishi cha polietilini huyeyuka na pande mbili hukutana. Joto likizidi, baadhi ya oksidi za upande chanya huachia oksijeni yao, na wakati huo viyeyushi vimekwisha kuchemka, ganda limevimba, na mvuke unatoka kwa nguvu ukitafuta cheche. Kila hatua hulisha inayofuata, na ndiyo maana betri iliyokwisha kuanza safari hiyo haizimiki kwa kuchomolewa chaja.

Sasa niseme ya haki kuhusu sodiamu. Betri ya lithiamu ina karatasi ya shaba upande hasi, na ikiishiwa umeme kabisa shaba hiyo huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti, kisha ikichajiwa tena inaweza kusababisha shoti. Sodiamu haichanganyiki na alumini, kwa hiyo watengenezaji hutumia alumini pande zote mbili, na betri inaweza kushushwa mpaka volti sifuri, ikasafirishwa na kuhifadhiwa ghalani ikiwa haina nishati ya kuwasha chochote. Hiyo ni faida kubwa ya usalama, hasa kwa mzigo unaokuja kwa meli na kukaa bandarini. Upande chanya nao una tofauti zake: zile zenye fosfeti huvumilia joto kuliko zenye oksidi za tabaka, na zile zenye kampaundi za ukoo wa rangi ya buluu ya Prussia zinaweza kutoa gesi ya sianidi zikiungua. Muuzaji anayejua bidhaa yake atakuambia upande chanya umetengenezwa kwa kitu gani, elektroliti yake ni ya aina gani, na imepita majaribio gani. Akishindwa kukujibu lolote kati ya hayo, neno lake la kwamba haziwaki halina mashiko.

Nina ombi kwako na kwa mafundi wenzako. Imezoeleka kuitoboa betri ya simu iliyovimba kwa sindano ili gesi itoke na kifuniko kifunge. Tafadhali acheni. Chumvi ya kawaida ya elektroliti, iwe ya lithiamu au ya sodiamu, ina fosforasi na florini, na ikikutana na unyevu wa hewa hutoa asidi ya florini, ambayo huunguza ngozi na mapafu bila kujitangaza mapema. Tena chaja ya lithiamu isihamishiwe kwenye betri ya sodiamu kwa sababu tu plagi zake zinaingiliana. Seli ya sodiamu, yaani kitengo kimoja cha betri, hufanya kazi kwa wastani wa volti 3 hivi, na volti yake hupanda na kushuka kwa upana mkubwa kuliko ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, kwa hiyo chaja na inveta visivyowekewa mipaka yake vitaikatisha mapema au vitaijaza kupita kiasi.

SWALI: Kama kinachowaka ni kimiminika, kwa nini watengenezaji wasiweke kimiminika kisichowaka wakamaliza kazi? Mbona maji ya betri ya gari hayawaki?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Hili ndilo swali ambalo watafiti wa betri za sodiamu wamekuwa wakihangaika nalo kwa miaka mingi, nami nimefurahi kwamba limetoka kwa mtu anayelifikia kwa kuitazama betri ya gari.

Maji ya betri ya gari ni asidi ya salfa ndani ya maji, na maji hayawaki. Lakini maji yana udhaifu wake: yakipewa zaidi ya volti 1.23 yanaweza kuvunjika na kuwa hidrojeni na oksijeni. Betri ya gari hufika volti 2 kwa kila seli kwa sababu tu kuvunjika huko huenda polepole juu ya risasi, na hata hivyo ikichajiwa sana hutoa hidrojeni, ambayo mafundi wanajua jinsi inavyolipuka mtu akiwasha kiberiti karibu. Seli ya sodiamu ya volti 3 haiwezi kutumia maji ya kawaida. Ilibidi watu waende kwenye viyeyushi vya kaboni na hidrojeni, ambavyo vinavumilia volti kubwa, na kitu chenye kaboni na hidrojeni ni kuni.

Watafiti wakageukia fosfeti za asili ya kikaboni. Mbili zinazotajwa mara nyingi ni trimethili fosfeti na triethili fosfeti, ambazo zina fosforasi katikati ya molekuli. Mwali wa moto unaendelea kuwaka kwa sababu vipande vya molekuli vyenye njaa ya kuungana, hasa vya hidrojeni na vya hidrojeni na oksijeni, huzaliana ndani yake bila kukoma. Fosfeti ikipata joto hutoa vipande vyenye fosforasi na oksijeni ambavyo huvikamata vile vya kwanza, na uzao wa mwali hukatika. Kipimo chake kinafanyika hivi: kipande cha nyuzi za kioo huloweshwa elektroliti na kupimwa uzito, huwashwa kwa mwali wa gesi, kisha mwali huondolewa na saa huanza kuhesabu. Elektroliti ya kaboneti huendelea kuwaka kwa mwali wa manjano mpaka imekwisha. Yenye trimethili fosfeti ya kutosha huzimika mara tu mwali wa gesi unapoondolewa. Kwa desturi ya watafiti, elektroliti inayozimika chini ya sekunde 6 kwa kila gramu huhesabiwa kuwa haiwaki, na inayopita sekunde 20 huhesabiwa kuwa inawaka.

Kama ingekuwa hivyo tu, kazi ingekwisha. Tatizo liko kwenye upande hasi wa betri. Betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza, sehemu ndogo ya elektroliti huvunjika juu ya kaboni ngumu na kuacha utando mwembamba, nao hufanya kazi ya ukoko chini ya sufuria ya wali: ukishajitengeneza vizuri, huzuia kilichobaki juu yake kisiungue. Viyeyushi vya kaboneti huacha utando mzuri. Trimethili fosfeti, katika kiwango cha kawaida cha chumvi, huacha utando hafifu unaopasuka na kujengwa upya kila siku, gesi hutoka, sodiamu hupotea, na betri hufa baada ya muda mfupi. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa na maana kwamba unachagua kati ya betri isiyowaka inayokufa upesi na betri inayodumu inayoweza kuwaka, au unachanganya fosfeti kidogo na kaboneti nyingi na kupata nusu ya kila kimoja. Wengine waliongeza kampaundi za ukoo wa fosfazini, ambazo zina fosforasi na florini pamoja na huzima mwali zikiwa kiasi kidogo tu, na njia hiyo bado inatumika.

Mlango ulifunguka kwa kubadilisha kiasi cha chumvi. Mwaka 2018 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwamo Yuki Yamada na Atsuo Yamada, kilichapisha kazi kuhusu elektroliti yenye chumvi ya sodiamu iitwayo NaFSI iliyoyeyushwa ndani ya trimethili fosfeti peke yake, kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya kile cha kawaida. Chumvi ikiwa nyingi kiasi hicho, karibu kila molekuli ya kiyeyushi hushikwa na ioni ya sodiamu na haibaki huru kwenda kuivamia kaboni. Kinachovunjika kwanza ni sehemu hasi ya chumvi yenyewe, nayo huacha utando mgumu wa madini unaodumu. Seli zao zilichajiwa na kutumiwa kwa zaidi ya mizunguko 1,000, kwa muda uliozidi mwaka mmoja, bila kuchoka kwa kiasi cha kutaja, na kimiminika chenyewe kikawa kinazima moto. Naiona kazi ile kuwa ya kuheshimiwa sana, kwa sababu ilionyesha kwamba usalama na uimara havigombani kwa asili yake.

Gharama ilibaki. Chumvi ya NaFSI ni ghali, na elektroliti iliyojaa chumvi huwa nzito, isiyotiririka kwa urahisi, hukilowesha kitenganishi kwa shida na hupitisha ioni polepole. Hapa nitie neno kwa ajili ya watu wa kusini: uzito wa kimiminika hupungua joto linapopanda, na udhaifu unaoisumbua betri hiyo katika majira ya baridi ya Ulaya ni mdogo zaidi Mikindani. Njia mojawapo ya kupunguza uzito huo ni kuongeza kimiminika cha pili ambacho hakiishiki sodiamu, kikawa kinazimua tu bila kuvunja ushikamano wa chumvi na kiyeyushi. Mwaka 2022 maabara ya taifa ya Pacific Northwest nchini Marekani ilieleza elektroliti ya namna hiyo, ambayo kizimua chake ni fosfeti yenye florini inayozima moto, na seli yao ya volti 4.2 ilibaki na asilimia 90 ya uwezo wake baada ya mizunguko 300.

Mimi navutiwa zaidi na njia ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden. Mwaka 2020 walichapisha elektroliti yenye trimethili fosfeti na chumvi ya sodiamu ya jamii ya borati na oksalati, isiyo na florini hata kidogo. Chumvi hiyo haiyeyuki vizuri katika viyeyushi vya kawaida, lakini ndani ya fosfeti hiyo huyeyuka kwa kiasi cha kutosha, huacha utando mzuri juu ya kaboni ngumu, na malighafi zake ni za bei nafuu. Sababu ya kuipendelea ni hii. Betri zetu zikichakaa huishia jalalani, jalala huchomwa, na moshi wa kitu chenye florini una asidi ambayo nimekwisha kuitaja kwa fundi wa Masasi. Elektroliti isiyo na florini inapunguza madhara hata pale ambapo mambo yamekwenda mrama. Haina maana kwamba ni salama ya kuchezewa, kwa kuwa trimethili fosfeti ni sumu inayoshukiwa kusababisha saratani, na mtu asiivute wala kuishika kwa mkono mtupu.

Kuna kosa ambalo hata baadhi ya magazeti hulifanya, nalo ni kudhani kwamba elektroliti isiyowaka huleta betri isiyoungua. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua nchini China walionyesha, kwa betri za lithiamu, kwamba seli yenye elektroliti iliyojaa chumvi na isiyoshika moto bado ilifikia joto lisilozuilika, kwa sababu chumvi yenyewe ilipambana na upande hasi uliojaa umeme. Kuondoa kuni hakuondoi nishati iliyofungiwa ndani ya elektrodi, yaani upande chanya na upande hasi wa betri. Kwa hiyo elektroliti ipimwe mara mbili: kwanza ikiwa peke yake kwenye nyuzi za kioo, kisha ikiwa ndani ya seli iliyojazwa umeme, ikapigiliwa msumari, ikachajiwa kupita kiasi na kupashwa moto. Anayekuonyesha jaribio la kwanza peke yake amekuonyesha nusu ya habari.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa mashamba ya chumvi hapa Kilwa. Nasikia betri hizi zinatengenezwa kwa chumvi. Je, watakuja kununua ya kwetu?
Mzee, Kilwa

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kila kilo ya maji ya bahari ina gramu 10.8 hivi za sodiamu, na lithiamu iliyomo haifiki hata miligramu moja, kwa hiyo malighafi ya betri hizi kweli haina mwenyewe. Lakini chumvi ya shambani haiingii ndani ya betri ilivyo, na kloridi ikibaki humo huila alumini. Viwanda huanza na magadi, ambayo hutengenezwa kwa chumvi na chokaa au huchimbwa moja kwa moja, na nchi yetu inayo magadi ya asili katika Ziwa Natron. Chumvi ya elektroliti nayo ni kazi ya kiwanda cha kemikali chenye ukavu wa hali ya juu, ambapo hata unyevu wa mvuke wa pumzi ni adui.

Ukiniuliza ni kitu gani cha pwani kilicho karibu zaidi na betri hizi, nitakuelekeza kwenye vifuu. Kifuu cha nazi kikichomwa bila hewa kwa joto kali sana hutoa kaboni ngumu nzuri, na tayari viwanda vingine ulimwenguni vinakitumia. Madini ya kinywe (grafiti) yanayopatikana Ruangwa na Nachingwea hayachukui nafasi hiyo, kwa sababu ioni ya sodiamu, tofauti na ya lithiamu, katika elektroliti za kawaida haikubali kukaa kati ya tabaka za kinywe.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati wilayani Liwale. Tunataka betri kwa ajili ya taa za chumba cha kujifungulia na friji ya chanjo. Tununue sasa, au tusubiri hizo zisizowaka? Na ikitokea ikawaka, tufanye nini?
Muuguzi, Liwale

JIBU: Dada muuguzi, msisubiri, kwa kuwa mama anayejifungua usiku hawezi kusubiri maabara. Kwa friji ya chanjo, ulizieni kwanza zile zinazoendeshwa na sola moja kwa moja, ambazo huhifadhi ubaridi katika barafu badala ya kuhifadhi umeme katika betri. Mkizipata, mzigo wa betri yenu utabaki kuwa taa na vifaa vidogo, na betri ndogo ina nishati ndogo ya kuungua.

Kwa betri yenyewe, iwe ya lithiamu au ya sodiamu, chagueni yenye fosfeti upande chanya na yenye saketi ya ulinzi kutoka kwa mtengenezaji wake. Mtasikia pia habari za elektroliti ya maji na ya vitu vigumu. Betri za sodiamu zenye elektroliti ya maji, ambazo seli zake ni za volti ndogo, haziwaki, nazo ni nzito na kubwa kwa nishati ileile, jambo ambalo kwa zahanati isiyohamahama halina uzito wowote. Kampuni ya Aquion ya Marekani iliwahi kuziuza kwa ajili ya majengo kama yenu, ikafilisika mwaka 2017, nami nasikitika kwamba hazikuenea, kwa sababu zilifaa sana kwa vijiji vyetu. Elektroliti ngumu, za ufinyanzi, zimejulikana tangu miaka ya 1960 na 1970, na hazishiki moto zenyewe. Hizo ndizo zilizomo katika betri za sodiamu na salfa nilizozitaja kwa mwanafunzi wa Lindi, ambazo hufanya kazi katika joto la nyuzi 300 na zaidi, na ambazo mnamo Septemba 2011 ziliwaka katika kiwanda kimoja mkoani Ibaraki, Japani. Ufinyanzi haukuwaka. Kilichowaka ni sodiamu na salfa vilivyokuwa pande zake mbili. Betri za elektroliti ngumu zinazofanya kazi katika joto la kawaida ziko njiani, na hazijafika kwenye duka la vifaa vya sola.

Iwekeni betri katika kijumba chake nje ya ukuta, chenye paa linalozuia jua na matundu ya hewa juu na chini, isiwekwe chini ya dirisha la wodi wala kwenye njia pekee ya kutokea. Swichi ya kuikata iwe mahali ambapo mtu anaifikia bila kuikaribia betri. Anayeifunga aandike kwa rangi kwenye mlango aina ya betri na volti yake, kwa kuwa atakayekuja kuzima moto hatakuwa na muda wa kutafuta risiti.

Ikianza kutoa moshi au mlio wa gesi, wahamisheni wagonjwa kwanza, upande unakotoka upepo, wala mtu asiingie kuokoa kifaa. Moshi huo una sumu hata pale usipokuwa mweusi. Kata umeme wa sola ikiwa swichi iko mbali na moto. Kwa betri za ioni, za lithiamu na za sodiamu pia, kinachohitajika ni maji mengi ya kuipoza kutoka umbali wa salama, na yaendelee kumwagwa muda mrefu baada ya mwali kuzimika kwa sababu joto la ndani linaweza kuuamsha tena. Kitungi kidogo cha kuzimia moto chenye unga hufifisha mwali kwa muda bila kupoza seli. Betri iliyoungua ikae nje, mbali na ukuta na majani makavu, mpaka siku inayofuata. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na anayepiga aseme mapema kwamba kinachoungua ni betri, ni ya aina gani, na kama kuna mtu aliyevuta moshi.